Kabati Langu na Stika Nyekundu

“Basi sema ukweli, Mama. Hukutaka kuja.”

“Niko hapa na shumizi tangu saa kumi na mbili asubuhi natafuta nguo, halafu unaniambia sikutaka kuja?”

“Hutafuti. Unahesabu henga.”

Binti yangu alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba chetu, ndani ya ovaroli yake mpya ya bluu, mikono kiunoni, kidevu juu. Tunamwita Waya. Jina hilo alilipata akiwa na miaka minne kwa sababu ya wembamba. Umeme ulikuja baadaye sana, na wala hatukuuita. Nyuma yake, sebuleni, baba yake alikuwa anapiga viatu rangi huku akijifanya hasikii, kama ilivyo kawaida ya mwanamume anayesikia kila neno.

Kweli nilikuwa nahesabu henga. Upande wangu zilikuwa ishirini na tisa. Nguo zilikuwa tisa. Kati ya hizo, tano ni sare za kazi, tatu ni madera ya nyumbani, na moja ni sweta.

“Mtu mwenye mpango wa kuja kwenye sherehe ya mtoto wake anatupaje nguo zake zote nzuri?” Waya akauliza. “Nauliza tu.”

“Sikutupa. Niligawa. Na sikugawa nzuri, niligawa ambazo hazikuvaliwa.”

“Ndizo hizo nzuri, Mama! Nguo nzuri haivaliwi kila siku!”

“Mwalimu!” nikamwita mume wangu. Anafundisha hesabu, na hata nyumbani namwita hivyo ninapotaka haki itendeke. “Mwambie mwanao.”

“Mimi simo,” akajibu. “Ila ule mtungi wa kuzimia moto pale stoo kwenu, mwaka wa tisa huu haujazima hata kiberiti. Nao mliugawa?”

Waya akacheka bila kutaka, kisha akakumbuka kwamba amekasirika.

Mimi ni msimamizi wa stoo ya hospitali. Nina stashahada ya ununuzi na ugavi, na miaka kumi na minane sijapoteza hata bomba moja la sindano. Stoo yangu ina sheria: kitu kisichotoka rafuni miezi kumi na miwili kinakaguliwa, kinafutwa kwenye leja, kinaondoka. Ukiacha vitu visivyotumika vikae, vinazaana. Nimeona kwa macho yangu.

Mwaka jana niliileta sheria hiyo nyumbani. Nilibandika stika nyekundu kwenye kila henga ya kabati letu. Ukivaa nguo, unabandua stika yake. Mwaka ukiisha, nguo ambayo bado ina stika haina kazi hapa, inakwenda kwa mwenye kazi nayo. Nilifurahi sana siku ile. Mlango wa kabati ulifungwa bila kusukumwa na goti kwa mara ya kwanza tangu tuoane.

Kosa langu ni moja, nalo ni la aibu kwa mtu wa stoo. Stoo yoyote yenye akili ina orodha ya pembeni, ya vitu vya dharura, ambavyo sifa yao kubwa ni kutotumika: mitungi ya moto, machela ya akiba, taa za betri. Vitu hivyo sheria ya miezi kumi na miwili haivigusi. Wanafunzi wanaokuja kwangu kujifunza kazi nawafundisha orodha hiyo siku ya kwanza, kabla ya chai. Kabatini sikuiandika. Na mwaka ule, katika ukoo mzima, pande zote mbili, hakuna aliyeoa, aliyeolewa wala aliyekufa. Ulikuwa mwaka mzuri kupita kiasi, na ndio ulioniponza. Magauni yote ya heshima yalimaliza mwaka yakiwa na stika zao, nami nikayaondoa yote, moja baada ya jingine, nikijisifu.

Suti ya mume wangu ilisalimika kwa sababu ananijua. Wiki ya mwisho aliibeba mpaka shuleni, akaificha kwenye kabati la chaki. Asubuhi hiyo aliivaa. Ilimkaa vizuri, isipokuwa mgongoni palikuwa na vumbi jeupe ambalo sikumwambia.

“Vaa sare ya kazi basi,” akasema sasa, akichungulia.

“Soma kadi,” nikamwambia.

Kadi ya chuo ilikuwa juu ya kitanda. Chuo cha Waya ni cha ufundi na hakivishi watu majoho. Wahitimu wanavaa ovaroli. Jina likiitwa, mzazi ndiye anayepanda jukwaani amebeba sanduku la vifaa la mtoto wake, anamkabidhi mbele ya mkuu wa chuo, na hapo ndipo mtoto anaitwa fundi. Bila sanduku kutoka mkononi mwa mtu wake, anabaki mwanafunzi aliyemaliza masomo. Chini ya kadi kuna mstari wa kujaza: Jina la mzazi au mlezi atakayekabidhi. Na chini yake: Mavazi rasmi. Wazazi wasivae sare za kazi. Nasikia mwaka mmoja baba fulani alipanda na sare yake ya zimamoto, nusu ya ukumbi ikaanza kutafuta mlango.

“Kwa nini usiende wewe, Mwalimu?” nikauliza. “Una suti.”

“Mimi mgongo wangu unaujua.”

Naujua. Ana mgongo ambao haubebi hata daftari za darasa zima. Sanduku lile lina kilo kumi na moja. Nililipima mwenyewe kwa mizani ya stoo.

“Mama.” Waya alikuwa ameshusha sauti, na mimi mtoto wangu akishusha sauti ndipo ninapoogopa. “Fomu ya chuo cha uhazili niliiona.”

“Fomu gani?”

“Usiniulize fomu gani. Mwaka jana, nilipoanguka ile mitihani miwili. Ilikuwa kwenye droo yako, umeshaandika jina langu juu kwa kalamu. Ulikuwa unangoja nishindwe tu.”

Mume wangu akaacha kupiga viatu rangi.

Mimi siwezi kumdanganya mtu mchana kweupe. Nilikuwa nimeichukua fomu ile kweli. Mtoto wangu alikuwa amekonda zaidi, anarudi na vidole vimeungua, anakaa na daftari za umeme mpaka macho yanamvimba, kisha matokeo yanakuja vile. Nikasema mwenye macho haambiwi tazama. Nikaona mbele yake ofisi nzuri yenye feni. Na nilipokuwa natoa magauni kwenye henga zao, sikuona mbele yangu sherehe yoyote ya kuvalia. Hilo ndilo lililokuwa linaniuma na kunifanya nipige kelele kuhusu henga.

“Nilikosea,” nikasema.

“Kuhusu nini?”

“Kuhusu fomu. Kabati tutazungumza siku nyingine.”

Alifungua mdomo anijibu, na hapohapo tukasikia mlango wa mbele.

“Hodi! Mgonjwa wa nguo yuko wapi?”

Alikuwa wifi yangu, dada wa mume wangu. Baba Waya alikuwa amempigia simu bila kuniambia. Wifi ni mpambaji wa kumbi za sherehe, na akishamaliza kupamba ukumbi, hujipamba yeye kwa kilichobaki. Aliingia na begi kubwa, ananukia kama duka zima la manukato, akanitazama kuanzia shumizi mpaka miguuni.

“Wifi! Kabati limefunga biashara?”

“Limepumua tu.”

“Nilikuonya. Nilikwambia nguo si dawa, haina tarehe ya kuisha muda. Ukanijibu nini? Ukaniambia na mimi nilete kabati langu ulikague!”

“Na bado linahitaji kukaguliwa,” nikasema, maana begi lilikuwa limefunguliwa na kilichotoka ndani kiliniumiza macho.

“Hili la dhahabu,” wifi akasema, akilishika kwa ncha za vidole. “Nililivaa mara moja tu. Watu walinipiga picha kuliko bibi harusi.”

“Na bibi harusi alisema nini?”

“Hatusalimiani. Vaa.”

Nikavaa. Mtu anayezama hachagui kamba ya kushika. Gauni lilikuwa la vishanga vya dhahabu toka shingoni mpaka chini, limebana magotini kiasi kwamba nilikuwa natembea kama mtu aliyevuliwa viatu kwenye kokoto. Mume wangu alisema ninapendeza. Waya alisema ninang’aa, na hakulisema kama sifa.

“Ngazi za jukwaani ni tano,” akasema. “Jaribu na sanduku.”

Mlango wetu wa mbele una vidato viwili. Waya akaweka sanduku chini, la chuma, jekundu, limefungwa kufuli dogo. Nikaenda kwa hatua za kuku, nikainama, nikalishika, nikanyanyuka na kuinua mguu.

Mlio ule nausikia mpaka leo. Gauni lilipasuka kuanzia kwapani mpaka nyongani, taratibu, kwa raha zake, na vishanga vikaanza kuruka sakafuni kama mchele unaomwagika. Kimoja kiliingia ndani ya kiatu cha mume wangu alichotoka kukipiga rangi.

“Wifi!” dada yake akalia. “Nilikwambia uvae! Sikukwambia ukafanye ukuli!”

“Kwani kadi inasema nipande kufanya nini? Kupunga mkono?”

“Hao wengine watavaaje na watabebaje?”

“Wengine hawakugawa nguo zao,” akasema Waya, akiokota vishanga.

La pili lilikuwa jeupe na lina mkia. Nikauliza mkia ni wa kazi gani. Wifi akasema mkia ni wa kukufuata. Nikasema ukinifuata kwenye ngazi tano nimebeba chuma, tutafika juu mmoja wetu akiwa amevunjika. La tatu halikupita mabegani. La nne silisimulii.

Saa ilikuwa imeshafika mbili na nusu. Teksi ingekuja saa tatu. Sherehe inaanza saa nne. Nikaketi ukingoni mwa kitanda na shumizi yangu, nikafanya kile ninachofanya kazini kifaa kinapokosekana: nikatafuta mbadala.

“Basi,” nikasema. “Wifi apande.”

Macho ya wifi yalishapanda jukwaani na kupigwa picha mbili.

“Kadi inasema mzazi au mlezi,” nikaendelea. “Shangazi ni baba wa kike. Ana nguo. Ana mgongo mzima, yeye ndiye anayenyanyua nguzo za maua kumbini. Mimi nitakaa nyuma na sweta langu, nipige makofi. Kinachotakiwa ni sanduku kufika.”

Nilimtazama Waya. Nilitegemea apige kelele. Nilikuwa na jibu tayari la kila kelele.

“Sawa,” akasema.

Akachukua kalamu kutoka mfuko wa kifuani, akaweka kadi juu ya sanduku, akaandika jina la shangazi yake kwenye ule mstari, kwa herufi zake ndogo zilizonyooka. Akapuliza wino. Akaanza kumwelekeza kwa upole, kama mtu anayemwelekeza mteja mahali swichi ilipo.

“Shangazi, ukifika juu, mkuu wa chuo atakuwa kulia kwako. Sanduku unalishika kwa mkono wa kulia, mimi nalipokea kwa wa kushoto ili wa kulia nimpe yeye. Usilishike hapa, shika hapa penye utepe.”

“Utepe wa nini?” wifi akauliza. “Mbona mpini umevimba hivi? Haupendezi.”

“Ni sponji, nikauzungushia utepe mweusi juu. Kifundo cha Mama cha mkono wa kulia kinamuuma akishika chuma chembamba, kwa sababu ya makatoni ya kazini. Nilitaka…” Akaishia hapo. “Haidhuru. Naweza kuutoa.”

Akaingiza ukucha kwenye utepe, akaanza kuutafuta mwanzo wake.

“Acha,” nikasema.

“Hauna kazi tena, Mama. Kisicho na kazi si kinaondoka?”

“Nimesema acha utepe.”

Nikasimama. Nikaenda kwenye droo, siyo ile ya fomu, ile ya chini, nikatoa daftari langu. Ndiyo, nilikuwa na daftari. Huwezi kugawa mali bila kuandika imekwenda wapi, hata kama mali yenyewe ni blauzi. Mume wangu alilicheka daftari lile kwa mwezi mzima. Sasa alisogea kusoma begani kwangu.

Suti ya kijivu: binti wa mapokezi. Ameshahamia mji mwingine, na suti pamoja naye. Gauni la bluu: mke wa mlinzi. Huyo aliniambia mwenyewe, kwa shukrani, kwamba limetoa foronya sita. Gauni la kijani: lilikwenda kwa mtu ambaye tangu hapo amejifungua mapacha, na sikuona ninavyoweza kugonga mlango wa mwanamke mwenye mapacha saa mbili na nusu asubuhi kuuliza habari za gauni. Halafu mstari wa mwisho. Gauni refu la zambarau, mikono mipana, halijatoboka: Mama Redio.

“Mungu wangu,” akasema mume wangu. “Usiende.”

Mama Redio ni msusi, nyumba ya nne kutoka kwetu. Anasukia barazani kwake. Mtu anakaa pale saa tano nzima kichwa kimeshikwa, kwa hiyo habari zote za mtaa huu huingia kwa mdomo wa mteja wa asubuhi na kutoka na mteja wa jioni. Siku nilipompa lile gauni alilikunjua, akalitazama, akataka kunirudishia. “Jirani,” akaniambia, “hili si la kutoa. Hili ni la kuweka. Utalitaka.” Nami, mbele ya wateja wawili, nikamjibu kwamba kilichofutwa kwenye leja hakirudi, na siku akiniona nalitaka, anicheke mpaka achoke. Akasema ataikumbuka ruhusa hiyo.

Miaka kumi na minane sijawahi kurudisha kitabuni kitu nilichokifuta. Wakubwa wameniomba, nimekataa. Daktari mmoja aliwahi kulilia kiti chake cha zamani, nikamwonyesha saini yangu. Mimi nikishasema kimetoka, kimetoka.

Nikavaa dera la kwanza lililonijia mkononi, nikatoka.

“Mama, unakwenda wapi? Teksi inakuja!”

Nilipita nyumba ya pili, nikapita ya tatu, natembea kama mtu anayekwenda kung’oa jino, haraka kabla sijabadili nia.

Mama Redio alikuwa barazani, amesimama nyuma ya mteja aliyesukwa nusu kichwa. Na alikuwa amelivaa. Nilisimama getini nikaliangalia gauni langu la heshima, nililolivaa mara mbili katika miaka sita, nikalitunza kwenye mfuko wa plastiki na vidonge vya nondo. Amelifanya nguo ya kazi. Mikono mipana ameikata, maana ilikuwa inaingia kwenye mafuta ya nywele. Upindo ameupandisha mpaka katikati ya vigimbi vya miguu, maana ulikuwa unafagia. Mishono ya ubavuni ameiachia, maana yeye ni mpana kuliko mimi na hapendi kubanwa. Na mbele, upande wa kulia, ameshona mfuko mkubwa wa kitambaa kilekile, umejaa vitana.

“Karibu jirani!” akasema bila kuacha kusuka. “Asubuhi yote hii na dera? Leo si ndiyo siku ya mtoto?”

“Ndiyo. Nimekuja kuazima gauni lako.”

Mikono yake ikasimama. Mteja naye akataka kugeuka, akarudishwa kwa kuvutwa msuko.

“Gauni langu lipi?”

“Hilo ulilovaa.”

“Hili langu?”

“Hilo lako.”

“Sema tena, jirani. Huyu mteja sikio la upande niliokwisha kusuka halisikii vizuri.”

“Nimekuja,” nikasema, kwa sauti ambayo mwenye duka ng’ambo ya barabara alitoka nje kuisikiliza, “kuazima gauni lako la zambarau. Langu sina. Nilikuwa nalo nikalitoa, ukaniambia nitalitaka, nikakujibu vibaya. Sasa nalitaka. Mwanangu anakuwa fundi umeme leo, na mimi ndiye ninayempandishia sanduku jukwaani. Siyo shangazi yake. Mimi. Cheka haraka, teksi inafika saa tatu.”

Akacheka. Sitamlaumu, alikuwa na ruhusa yangu. Alicheka mpaka akashika nguzo ya baraza, mteja akacheka naye na nusu kichwa chake, mwenye duka akacheka bila kujua kwa nini. Nikangoja, mikono nimekunja. Ndipo nikasikia nyuma yangu mtu anavuta pumzi, nikageuka. Waya alikuwa ameshanifuata, kumbe, yuko getini na viatu vyangu vyeusi mkononi, na alikuwa amesikia kila neno, kuanzia “lako” hadi “haraka”.

Alinitazama tu, kidevu kimeshuka mahali pake.

“Unabaki kufanya nini hapo?” Mama Redio akamfokea, akijifuta machozi. “Ingia umsaidie mama yako zipu! Na wewe,” akamwambia mteja, “kaa hivyohivyo, usijiguse, usijitazame kwenye kioo utapata kichefuchefu.”

Tukaingia chumbani kwake. Akalivua, akajifunga kitenge. Mfukoni akatoa vitana vinne, mkasi, pipi na kadi ya kliniki ya mtu. Gauni lilinukia mafuta ya nywele, na nyuzi nyeusi za nywele za bandia zilikuwa zimeng’ang’ania kila mahali. Waya akazitoa moja moja, kwa vile vidole vyake vilivyozoea waya nyembamba. Upindo ulikuwa umelowa maji ya kudekia baraza. Mama Redio akapitisha pasi juu yake, mvuke ukafuka chumba kizima.

“Mikono nimeikata, lakini,” akasema. Sauti yake sasa ilikuwa na wasiwasi kidogo. “Sikujua kama litarudi kupanda jukwaa.”

“Umefanya vizuri.”

“Na huo mfuko…”

“Mfuko uache.”

Nikalivaa. Mabegani lilikuwa wazi na jepesi. Ubavuni palikuwa na nafasi ya mtu kuvuta pumzi mbili kwa pamoja. Nikainua goti mpaka kiunoni. Gauni likakubali bila hata kunung’unika. Katika miaka sita, halikuwahi kunipa goti. Waya akapandisha zipu, akaisimamisha shingoni, akabaki ameishika.

“Liko majimaji chini,” akasema.

“Litakauka njiani.”

“Na unanukia saluni.”

“Nisukwe na nywele basi?”

“Mama.”

“Nini?”

“Hakuna. Vaa viatu.”

Tulipotoka, honi ya teksi ilikuwa inalia mbele ya nyumba yetu. Tukakimbia, mimi na gauni la kukopa, yeye na ovaroli, Mama Redio nyuma yetu barazani na kitenge anatangaza kwa mtaa mzima kwamba fundi umeme wa kwanza wa kike wa barabara hii ndiye huyo, na gauni hilo ni lake yeye, lirudi leo jioni likiwa safi.

Mume wangu alikuwa ameketi kiti cha nyuma, amenyooka kama rula. Wifi alikuwa mbele, karibu na dereva, amejipaka poda upya, sanduku jekundu juu ya mapaja yake na kadi juu ya sanduku.

Nikafungua mlango wa mbele.

“Wifi, nipe sanduku.”

Akanitazama kuanzia juu. Mabega, mfuko, vigimbi vyangu, upindo uliolowa.

“Hilo gauni si…”

“Ni la Mama Redio. Nipe.”

“Lakini jina langu limeshaandikwa, wifi! Kwa kalamu!”

“Waya, kalamu.”

Kosa kwenye leja halifutwi kwa kukwaruza wala kupaka rangi nyeupe. Unapiga mstari mmoja ulionyooka ili kilichokuwepo kisomeke, unaandika sahihi juu yake, unaweka saini pembeni. Niliiweka kadi juu ya paa la teksi, nikapiga mstari wangu, nikaandika jina langu lote, hadi la baba yangu, nikasaini. Dereva akauliza kama tunakwenda kwenye sherehe au mahakamani.

Kisha nikaingiza mkono, nikalishika sanduku penye utepe, nikalinyanyua kutoka mapajani kwa wifi yangu kwa mkono mmoja, nikazunguka nalo, nikakaa nyuma katikati ya mume wangu na binti yangu.

“Twende,” nikamwambia dereva.